Mafuta na emulsioni za silikoni: maswali tunayoulizwa kila siku hapa Lubumbashi

Wanaouliza ni mafundi wa karakana za mitaa ya Kenya, Katuba na Kampemba hapa mjini, wenye viwanda vidogo vya plastiki, mafundi umeme, watu wa migodini, na akina mama wenye biashara ya kufua na kupiga pasi. Wengi huanza na bei. Mimi huanza na swali jingine: silikoni ikishafanya kazi yake, ni nini kitafuata? Kitu hicho kitapakwa rangi? Kitapakwa gundi? Silikoni inapendwa kwa sababu husambaa upesi na haitoki kirahisi. Hasara nyingi nilizoziona zimeletwa na sifa hiyohiyo.

Mafuta ya silikoni ni jamii ya mafuta ya petroli?

Hapana. Mafuta ya injini ni minyororo ya kaboni. Uti wa mgongo wa mafuta ya silikoni ni atomu za silisiamu na oksijeni zinazopokezana, na kila atomu ya silisiamu imebeba vikundi viwili vya methili. Kwenye lebo utasoma polidimethilsiloksani, au kwa kifupi PDMS. Kifungo cha silisiamu na oksijeni ni kigumu kuvunjwa na joto, ndiyo maana mafuta haya huvumilia pale ambapo mafuta mengine yameshakuwa lami.

Watu wa Katanga wana haki ya kujua jambo hili: silikoni ya viwandani haitengenezwi bila shaba. Mchanga wa kwatzi huyeyushwa upate silisiamu, kisha unga wa silisiamu hukutanishwa na gesi ya methili kloridi kwenye joto la karibu nyuzi 300, na kichocheo cha mmenyuko huo ni shaba. Eugene Rochow wa General Electric, Marekani, aliupata mwaka 1940, na wakati uleule Richard Müller alikuwa ameufikia Ujerumani kwa njia yake. Mpaka leo viwanda vikubwa duniani vinafuata njia hiyo.

Ni sawa na silikoni ya mrija tunayozibia madirisha na masinki?

Ukoo ni mmoja, kazi ni mbalimbali. Ile ya mrija hushikana kwa unyevu wa hewa na kuwa mpira. Nyingi hunuka siki wakati wa kukauka. Mafuta hayakauki. Ukiyapaka leo, mwezi ujao bado ni mafuta. Anayetaka kuziba ufa asinunue mafuta.

Nambari 100, 350, 1000 kwenye bidoni zina maana gani?

Ni mnato, unaopimwa kwa sentistoki kwenye nyuzi joto 25. Maji yana karibu sentistoki 1. Ya 50 hutiririka kwa wepesi. Ya 350 ndiyo inayoombwa zaidi, kwa kalibu (umbo la kutengenezea vitu vya plastiki au mpira) na kwa kung'arisha. Ya 1000 ni nzito kidogo. Ya 12,500 hutoka kwenye chupa polepole kama asali ya miombo. Ya 60,000 unaisubiri. Nambari kubwa haina maana ya ubora mkubwa. Nasisitiza hili kwa sababu kuna wauzaji wanaotoza zaidi kwa 1000 kana kwamba ni daraja la juu, na mteja anaondoka na mafuta yasiyopita kwenye pua ya bomba lake la kupulizia.

Uzuri wenyewe ni kwamba mnato huo haubadiliki sana joto likipanda au kushuka. Asubuhi ya baridi ya Juni au Julai na mchana wa Oktoba, mafuta ya silikoni hubaki karibu yaleyale, wakati mafuta ya madini, yaani yale ya petroli, yamekuwa mazito na mepesi kwa zamu. Kuhusu moto, ya 350 na kuendelea hayashiki moto kwa cheche kabla ya kupita nyuzi 300. Lakini hiyo si ruhusa ya kuyafanyia kazi kwenye nyuzi 300. Yakiwa wazi hewani, yaweke chini ya 150. Zaidi ya hapo huanza kutoa mvuke wenye formaldehidi, na baada ya muda huganda kama utelezi wa bamia.

Ninunue mafuta matupu au emulsioni?

Emulsioni ni mafuta hayohayo yaliyosagwa kuwa matone madogo sana ndani ya maji, yakishikiliwa na kiunganishi cha jamii ya sabuni. Huonekana nyeupe kama maziwa. Nyingi zinazofika sokoni zina asilimia 35 au 60 ya silikoni.

Kwa kunyunyizia kalibu ya moto, au kupata tabaka jembamba kwenye eneo kubwa, emulsioni ni bora: maji huruka kwa joto, silikoni hubaki. Haihitaji esanse (petroli) wala tina, kwa hiyo hatari ya moto kwenye karakana inapungua. Pale ambapo maji ni adui, kwenye umeme, breki au vyombo vya kupimia, chukua mafuta matupu.

Kuhusu pesa, fikiria barabara. Tani moja ya emulsioni ya asilimia 35 ina karibu kilo 650 za maji na kiunganishi. Mzigo ukitoka Durban au Dar es Salaam ukapita mpakani Kasumbalesa, unalipa usafiri na foleni ya maji ambayo ungeyachota hapahapa. Mwenye matumizi makubwa namshauri achukue ya asilimia 60 na kuipunguza mwenyewe.

Nipunguze vipi emulsioni bila kuiharibu?

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza bidhaa nzuri, nami nitaeleza taratibu.

Kwanza hesabu. Asilimia ya silikoni uliyonayo igawe kwa asilimia unayoitaka. Jibu ni jumla ya sehemu. Una ya 35 na unataka 1: sehemu 35, yaani kilo 1 ya emulsioni na kilo 34 za maji. Una ya 60 na unataka 1: kilo 1 na maji kilo 59. Kushusha ya 60 mpaka 35, kilo 100 zinahitaji maji kilo 71 hivi, na utapata kilo 171. Kwa kalibu nyingi za mpira na plastiki, silikoni ya asilimia 1 au 2 inatosha. Nikimkuta mtu anapulizia ya 35 bila kuipunguza, najua bidhaa zake zinatoka na madoa na pesa yake inaanguka sakafuni.

Kisha mkono. Koroga kwanza bidoni lenyewe, kwa sababu emulsioni iliyokaa hupandisha utando mzito juu. Weka emulsioni kwenye ndoo safi, mimina maji kidogo na ukoroge mpaka yashikane, ongeza tena kidogo, na kadhalika mpaka mwisho. Ukitupa emulsioni yote ndani ya pipa la maji kwa mara moja, inaweza kukatika. Koroga kwa mwiko au kwa mota ya mwendo wa pole. Usiweke mashine ya kasi kubwa, kwa kuwa msukosuko mkali unayavunja matone yaliyotengenezwa kwa shida kiwandani.

Angalia na maji. Kama maji ya kisima chako yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, jaribu kwanza kwenye chupa ya lita moja na uiache usiku kucha. Asubuhi ukiona utando mweupe unaorudi ukitikisa, hakuna shida. Ukiona macho ya mafuta angavu yanaelea juu na hayarudi, emulsioni imekatika na haitengenezeki tena. Ile uliyoipunguza itumie siku ileile au kesho yake. Dawa ya kuzuia bakteria iliyomo imepungua pamoja nayo, na ikikaa hunuka.

Kwa nini nisichanganye tu mafuta, maji na sabuni ya unga?

Kwa sababu baada ya saa chache mafuta yatakuwa juu na maji chini. Kiwanda hutumia mashine zinazokata matone yawe madogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na viunganishi vilivyochaguliwa kwa uwiano maalumu. Mwiko haufiki huko.

Natengeneza mabeseni na vifuniko vya plastiki. Vitu vinashika kwenye kalibu.

Kalibu, au muli kama tunavyosema hapa, ndiyo kazi kongwe ya silikoni. Mvutano wa uso wake ni karibu milinewtoni 21 kwa mita, wakati wa maji ni 72, kwa hiyo hutambaa yenyewe mpaka kwenye kona na nakshi ambazo brashi haifiki, na plastiki haipati mahali pa kung'ang'ania. Pulizia ukungu mwembamba kila baada ya mizunguko kadhaa. Kalibu ikianza kuonyesha mng'ao wa mafuta, umeshazidisha.

Lakini nijibu kwanza: bidhaa hiyo itachapishwa jina au kupakwa rangi? Kama ndiyo, usitumie silikoni. Wino utakusanyika vitone na kubanduka. Kuna vilainisha kalibu vya nta visivyo na silikoni. Ni afadhali kulipa zaidi kidogo. Na kama tatizo ni kalibu yenyewe iliyochubuka au isiyopoa vizuri, hakuna mafuta yatakayokuokoa.

Nimepaka gari rangi, imetoa vishimo vya mviringo kila mahali. Ni silikoni?

Karibu kila mara, ndiyo. Kishimo kina ukingo ulioinuka, na katikati unaona mpaka tabaka la chini. Ni tone dogo la silikoni lisiloonekana kwa macho. Rangi mbichi inalikimbia pande zote.

Fundi huapa kwamba hajagusa silikoni, na mara nyingi anasema kweli. Imetoka kwa kijana wa jirani anayeng'arisha mataili na dashibodi kwa kupulizia, ikapeperuka na upepo. Au imetoka kwenye tambara lililofutia gari jingine, au kwenye mafuta ya kompresa, au kwenye nta aliyoitumia mwenye gari kwa miaka. Kopo moja la kupulizia likifunguliwa karibu linatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Dawa yake: acha rangi ikauke kabisa, kisha piga msasa. Lakini osha kabla ya msasa, maana msasa kwenye bodi yenye silikoni huisukuma ndani ya mikwaruzo. Tumia kiondoa mafuta cha wapiga rangi na matambara mawili: la kwanza linalowesha, la pili linakausha papo hapo kabla dawa haijaruka. Ukiacha dawa ikauke yenyewe, silikoni imeyeyuka, ikatembea, ikalala palepale. Geuza tambara kila mara na ulitupe. Kuna matone ya kuongeza kwenye rangi ili izifunike hizo sehemu, lakini matone hayo mengi yana silikoni pia. Ukianza nayo itabidi uendelee nayo tabaka zote, na gari la nyuma yake likae mbali. Mimi nasema safisha.

Kwa wenye karakana: mng'arisha mataili na mpiga rangi wasikae ua mmoja. Wote wanatafuta riziki, na ukuta mmoja kati yao unazuia ugomvi mwingi.

Yanafaa kulainisha nini?

Mpira na mpira, plastiki na chuma, plastiki na plastiki: reli za vioo vya gari, raba za milango, gia za nailoni, uzi wa cherehani za kiwandani. Hayaozeshi raba ya kawaida kama grisi ya petroli inavyofanya.

Chuma juu ya chuma chini ya mzigo, hapana. Tabaka lake hukatika, na vyuma vinasagana. Mnyororo wa pikipiki, beringi ya mota ya mgodini, gia za kisagio cha mahindi, vyote hivyo vina mafuta yao. Pia usiyatie kwenye muhuri uliotengenezwa kwa mpira wa silikoni. Mpira huo unayanywa, unavimba na kulegea.

DOT 5 ni mafuta ya breki ya silikoni? Naweza kuongezea kwenye DOT 4?

DOT 5 ni silikoni, ndiyo. Usiongezee. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii ya glikoli na hazichangamani nayo. Angalia vizuri: 5 na 5.1 si ndugu, ingawa nambari zinafanana. Gari likitoka kiwandani na DOT 4, libaki na DOT 4. Breki si mahali pa kujaribu.

Kwenye tangi langu povu linamwagika. Silikoni inazima povu?

Inazima, na kwa kiasi kidogo sana. Lakini mafuta matupu kwenye maji ni dhaifu. Kizuia povu kizuri kina mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na chembe za silika zinazokimbia maji. Mafuta yanatambaa juu ya ngozi ya povu, chembe zinaitoboa. Kwa kawaida gramu 10 mpaka 100 za bidhaa zinatosha mita moja ya ujazo. Anza na 10. Kwa rangi za maji, kwa kuosha mitambo na kwa maji machafu, ndicho kinachotumika. Kwa chakula tafuta kilichoidhinishwa kwa chakula. Kwenye lebo huandikwa E900, na kwa mafuta ya kukaangia kikomo cha Codex (kanuni za kimataifa za chakula) ni miligramu 10 kwa kilo.

Niko kwenye kiwanda cha kuchenjua shaba. Tunaweza kukitumia?

Mkubwa, usimimine hata glasi moja bila idhini ya mhandisi wa uchenjuaji. Kwenye flotesheni, yaani kutenganisha madini kwa kuyaelesha, povu ndilo linalobeba madini. Silikoni ikiingia kwenye maji yanayozunguka, inarudi kwenye matangi, povu linalala, na shaba inaondoka na mabaki. Haitatoka kwa kufungulia maji. Hata sehemu ya kutenganisha shaba kwa viyeyusho, ambako tabaka la mafuta na la tindikali lazima yaachane safi, kemikali yoyote inayocheza na uso wa vimiminika ni ya kuogopwa. Nimeshakataa kuuza kwa kazi hiyo, na nitaendelea kukataa mpaka nione karatasi ya majaribio ya maabara.

Transfoma yangu imepungua mafuta. Niongeze silikoni kwa kuwa haishiki moto?

Kuna transfoma zilizotengenezwa kwa mafuta ya silikoni ya sentistoki 50, hasa zinazowekwa ndani ya majengo. Zilienea miaka ya 1970 pale dunia ilipoanza kuacha PCB, sumu iliyokuwa ikitumika kwa sababu hiyohiyo ya moto. Mafuta ya madini hushika moto kwenye nyuzi 140 au 150. Ya silikoni ni zaidi ya 300.

Lakini transfoma yenye mafuta ya madini usiitie silikoni hata kidogo. Ikichanganyika, mafuta yote huleta povu wakati wa kusafishwa kwa mashine ya ombwe, na hayatengani tena. Soma bamba la transfoma. Kama ni ya zamani na bamba linataja askareli, usiifungue, usichukue mafuta yake kuchomelea wala kupaka chochote. Hiyo ni PCB, na chini ya Mkataba wa Stockholm wa 2001 inatakiwa kuteketezwa na wenye ujuzi.

Fundi umeme pia asipulizie silikoni karibu na rilei na kontakta. Mvuke wake ukikutana na cheche hugeuka silika, unga usiopitisha umeme, na siku moja kontakta inagoma bila sababu inayoonekana.

Mvua zinakaribia, nipake mafuta ya silikoni kwenye ukuta wa matofali?

Usipake mafuta. Hayashiki kwenye tofali, yanakusanya vumbi, na ukitaka kupiga rangi baadaye utalia. Omba dawa ya silani-siloksani au silikoneti. Hizo ni za ukoo huu, lakini zinafungamana na tofali lenyewe. Maji ya mvua yanateleza na ukuta unaendelea kupumua. Paka Agosti au Septemba, ukuta ukiwa mkavu kweli. Haizibi nyufa, wala haizuii unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi.

Na nguo?

Ile laini ya hariri unayoisikia kwenye liputa (kitenge) jipya mara nyingi ni emulsioni ya amino-silikoni. Kwenye maji ya kufua ya kawaida haina kazi. Taulo ikiwekewa haifyonzi maji vizuri.

Kuna wanaotaka ya kudungwa mwilini. Mnauza?

Hatuuzi, na tunamsihi kila dada anayesoma hapa asikubali. Kuongeza makalio, nyonga au matiti kwa sindano ya mafuta ya silikoni kunaua. Mafuta yakiingia kwenye mshipa yanafika mapafuni au kwenye ubongo. Asiyekufa hupata vidonda na vinundu vigumu, miaka mingi baadaye, na hakuna daktari anayeweza kuyatoa yote. Usidanganywe na neno «ya hospitali». Ni kweli madaktari wa macho huweka mafuta ya silikoni ndani ya jicho kushikilia retina iliyobanduka, lakini ni mafuta yaliyosafishwa kwa kiwango cha pekee, ndani ya chumba cha upasuaji. Bidoni la karakana haliingii mwilini kwa namna yoyote. Ukimjua aliyedungwa na anapumua kwa shida, mpeleke hospitali sasa hivi na useme ukweli alichodungwa.

Kazini, hatari kubwa ni ipi?

Sakafu. Ngozi haiyajali sana, macho yatawasha kidogo, lakini tone la silikoni kwenye saruji laini litamwangusha mtu mzima mwenye gunia begani. Yakimwagika, mwaga mchanga au unga wa mbao, zoa, futa kwa tambara lenye mafuta ya taa dirisha likiwa wazi na moto mbali, kisha sugua kwa sabuni ya unga. Maji peke yake yanayasambaza. Makopo ya kupulizia usiyatumie ndani ya chumba kilichofungwa: gesi yake huwaka, na ukungu wake si wa kuvuta.

Nitajuaje kama nimeuziwa ya kughushi?

Mafuta halisi ni angavu kama maji na hayana harufu. Huelea juu ya maji, lakini kwa shida, maana uzito wake ni karibu 0.97. Hayachangamani na alkoholi. Yanachangamana na mafuta ya taa. Ukitaka uhakika, nenda nje, lowesha utambi wa pamba kwa matone machache, uwashe. Mafuta ya madini yanatoa masizi meusi. Silikoni inawaka kwa uvivu na kuacha unga mweupe kwenye utambi na kwenye kijiko ulichoshika juu yake: silika, mchanga ule uliotoka nao. Kwa emulsioni, pima kiasi kidogo, kiache kikauke taratibu juani kwenye kisahani, pima tena. Ya asilimia 35 ikikuachia gramu 15 kwa 100, umelipia maji.

Nihifadhi wapi, na bidoni tupu nifanye nini?

Mafuta yaliyofungwa vizuri hukaa miaka. Pipa usilijaze mpaka juu, kwa sababu kila nyuzi 10 za joto huyavimbisha kwa karibu asilimia 1. Emulsioni iweke kivulini, iangalie tarehe, maisha yake ni miezi 6 mpaka 12, na usinunue iliyopigwa jua wiki nzima juu ya lori. Usimwage mabaki kwenye mtaro. Yakusanye kwenye pipa moja, yatumike tena kwenye kalibu zisizodai usafi. Na bidoni tupu lisiwe la maji ya kunywa wala la mafuta ya mawese. Litoboe kabla halijatoka uani, maana likiwa zima litafika sokoni, na mama atakayelinunua hatajua lilibeba nini.